Tanzia ya Jirani Aliye Hai

Nilimuua jirani yangu katika msimu mmoja wa mvua, miaka michache baada ya vita, huko Bwaise, Kampala. Yeye bado yuko hai. Anauza vipuri vya pikipiki Kawempe, na Jumapili iliyopita aliniuliza kwa nini nimekonda. Nimejaribu kuyaandika haya mara nyingi na kila mara yalitoka mazuri mno. Safari hii nitajaribu kutoyapamba.

Nilikuwa fundi wa mabango: majina ya maduka, bei za saluni, mishale ya kuonyesha choo kilipo. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza herufi kwa kunakili vichwa vya habari kwenye magazeti yaliyofungiwa mandazi. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu wa kuniambia "inatosha," sikujua kazi inatosha lini. Ningefuta herufi moja na kuirudia mpaka mwenye duka aniombe nimwachie mlango afungue biashara. Nikiwa kitandani niliiona S fulani iliyolegea tumbo, moyo ukaanza kwenda mbio kama wa mtu aliyesahau mtoto stendi.

Nilipanga chumba kimoja, muzigo kama wanavyouita Kampala, kwenye safu mbili za vyumba zinazotazamana. Katikati palikuwa na kichochoro. Watu wawili wakikutana lazima mmoja ageuke ubavu. Mlango wangu uliutazama mlango wa jirani yangu. Bwaise iko bondeni. Mvua ikinyesha vilimani, maji huja kwetu yamebeba kila yalichokikuta njiani, vya chooni vikiwemo. Ndiyo maana kila mpangaji hujenga kizingiti cha matofali mlangoni, akawa anakiruka kila akiingia na kutoka. Kanuni ni rahisi. Mwenye kizingiti kifupi ndiye anayeingiliwa kwanza, na maji yakishapata chumba cha kumiminikia, kichochoro hupumua, wa ng'ambo akapona. Hakuna aliyewahi kuitamka kanuni hiyo. Kila mtu aliipima kwa jicho.

Jirani yangu alikuwa Mkenya kama mimi, amenizidi umri kiasi cha kuniita mdogo wake. Ndiye aliyenitafutia kile chumba. Alikuwa na sauti nzito ya kuanzishia nyimbo, na mkewe alikuwa mcheshi kama yeye. Siku niliyojenga kizingiti changu nilitumia pima maji, nikahakikisha kila tofali limelala sawa. Jirani akatoka, akasimama na kikombe cha chai mkononi.

"Mdogo wangu, hata mafuriko unataka yaingie yamenyooka?"

Wapangaji wakacheka. Nami nikacheka.

"Msimcheke," akasema. "Huyu ni mjinga aliyejisomesha mwenyewe. Ni kazi ngumu hiyo."

Alisema kwa upendo, nadhani. Wakacheka zaidi. Nilitabasamu, nikampa matofali yaliyobaki, maana ndivyo anavyofanya mtu asiyekasirika. Wiki ile ile aliyatumia kuinua kizingiti chake kikapita changu. Na kilipinda. Upande wa kushoto ulikaa juu, wa kulia umeinama, saruji imemwagika kama uji. Siwezi kusema ni kipi kiliniuma zaidi, lile neno, au urefu wake, au kule kupinda nilikokutazama kila nikifungua mlango.

Nikainua changu. Akainua chake. Asubuhi tuliamkiana vizuri.

"Bwana asifiwe, kaka."

"Asifiwe milele, mdogo wangu. Naona umeongeza."

"Kidogo tu."

"Kidogo ni kizuri."

Mama mwenye nyumba alikuwa Mnubi, mjukuu wa askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan, na Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, hakina haya. Alikuja siku moja kukagua paa, akalazimika kunyanyua nguo mpaka magotini kuuruka ukuta wangu.

"Nyinyi walokole!" akasema. Hilo ndilo jina la waliookoka kule, na kinywani mwake halikuwa sifa. "Sisi tukigombana tunatukanana, jua likizama tumemaliza, tunapika. Nyinyi munagombana na simenti."

"Hatujagombana, mama," tukajibu, mimi na jirani yangu, kwa wakati mmoja, kama kwaya.

"Wallahi mungegombana! Ningepata mlango wa kupita."

Mimi na jirani tulikuwa washiriki wa kikundi kimoja cha wanaosali kwa Kiswahili. Tulikutana sebuleni kwa mwalimu mmoja Bukoto, Wakenya wengi, Wakongo wachache, na Waganda waliozoea lugha hiyo kazini. Tulikuwa na desturi ya kuweka mambo nuruni. Mtu husimama, husema kosa lake mbele ya wenzake bila kulifunika, kisha wote huimba. Na kabla ya meza ya Bwana, mwenye neno na ndugu yake humwendea kwanza wakapatana. Asipofanya hivyo hubaki benchini wengine wakienda mezani, na kila mtu humwona. Sikuwahi kubaki benchini. Niliogopa benchi lile kuliko njaa. Hata nilipokuwa nikikuza ukuta wangu, nilikuwa nikienda mezani nimechana nywele, nikijiambia kwamba sina neno na mtu, kwa kuwa sijawahi kumpandishia mtu sauti.

Jumapili moja somo lilikuwa juu ya amri ya kutoua. Mwalimu alieleza kwamba Bwana hakuiacha amri hiyo mikononi, bali aliisogeza ndani. Watu wa kale waliambiwa wasiue. Yeye akasema anayemkasirikia ndugu yake ameshafika hukumuni, na anayemwita ndugu yake mpumbavu anachezea moto. Nilipenda hapo kwenye mpumbavu. Nilimtazama jirani yangu nione kama pamemfikia. Alikuwa anatafuta wimbo kitabuni.

Ndipo mlinzi mmoja aliyeketi karibu nami akanyoosha mkono. Zamani alikuwa mwanajeshi. Hakutuambia alipigana upande upi, nasi hatukumwuliza.

"Mwalimu, mimi nauliza. Mimi niliua mtu. Na bunduki, si na moyo. Nilimwona uso. Huyu kijana wa rangi," akanielekezea kidevu, "tuseme yeye anakasirika tu. Unasema mimi na yeye ni kitu moja?"

"Mbele za Mungu, ndugu, mzizi ni mmoja."

"Hapana. Nakataa. Yule mtu alikuwa na mama yake. Alilia pale pale, mimi nasikia. Hasira ya huyu kijana imeliza mama gani?"

Mwalimu akarudi kupekua Biblia yake. Jirani yangu akaokoa hali kwa kuanzisha wimbo.

Nilitoka Bukoto nikiwa mwepesi. Mlinzi alikuwa amekataa kwa uchungu wake mwenyewe, nami nikauchukua ule ukataaji kama cheti changu. Hasira yangu haikuwa imemliza mtu. Ilikuwa imekaa ndani, safi, imenyooka.

Hata hivyo wasiwasi haukuniacha, na Jumapili iliyofuata niliamua kuiweka nuruni. Nilijitayarisha kama kwa bango. Nilipima kila neno, nikapunguza, nikarudisha. Nikasimama.

"Ndugu zangu, naungama hasira niliyokuwa nayo kwa ndugu yangu, tangu aliponiita mjinga mbele ya watu, kisha akainua kizingiti chake bila kujali maji yataelekea kwa nani. Nimemsamehe."

Kila neno lilikuwa la kweli, na sentensi nzima ilikuwa kofi. Nililisikia likitua. Vichwa viligeuka vyote upande wake. Sikuwa nimetaja kwamba ukuta wangu ulikuwa umepanda sambamba na wake. Hapakuwa na nafasi, nilijiambia. Sentensi ingekuwa ndefu.

Alikuja kunikumbatia, kama ilivyo desturi. Alikuwa na harufu ya grisi na sabuni. Sikioni akaniambia polepole, "Ungeniambia mlangoni, mdogo wangu. Ni hatua moja."

Watu wakaimba. Safari hiyo si yeye aliyeanzisha.

Baada ya hapo hakuongeza tofali hata moja. Mimi ndiye niliyeongeza. Nilikuwa nimesamehe, na niligundua kwamba msamaha wa aina ile humpa mtu haki nyingi. Nilinyanyua kizingiti changu kikawa kirefu kuliko vyote kwenye kichochoro, nikaweka pima maji juu yake, kile kipovu kikatulia katikati.

Mvua kubwa ikaja. Maji yalipanda, yakagusa matofali yangu, yakageuka, yakaingia kwake. Niliyaona yakiingia. Nilisimama dirishani nikawaona yeye na mkewe wakipandisha godoro juu ya meza. Alikuwa amekunja suruali, akiteka maji kwa karai na kuyamwaga nje, nayo yakirudi. Nilikuwa na karai. Lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango. Nilijipa hoja kadhaa za kuliacha pale lile karai, zote nzuri, mpaka mvua ikakatika.

Siku chache baadaye tumbo la kuhara likamkamata. Asubuhi mkewe aliuruka ukuta wangu bila kubisha.

"Shemeji, ndugu yako amezidiwa. Hawezi kusimama."

Pikipiki haikuweza kuingia kichochoroni kwa tope, kwa hiyo nilimbeba mgongoni mpaka barabara ya Bombo. Hakuwa mzito kama nilivyotarajia. Kichwa chake kiligonga bega langu kwa kila hatua, na pumzi yake ilikuwa ya moto shingoni mwangu. Hapo, nikitafuta pa kukanyaga, nilijikuta natunga tanzia yake.

Sikuamua. Ilianza yenyewe, kama mstari wa bango unavyokuja kabla sijaona ubao. *Ndugu zangu, tumempoteza mtu wa watu.* Nikaona "tumempoteza" limezoeleka, nikaweka "ametutoka." Nilijua nitavaa shati lipi. Nilijua nitanyamaza wapi ili waliaji wapate nafasi. Kule kliniki aliingizwa ndani kuwekewa dripu, mimi na shemeji tukakaa kwenye ubao nje, naye akawa analia bila sauti, ameshika viatu vya mumewe mapajani. Mimi nilikuwa natengeneza aya ya pili. Palikuwa na mahali pa kusema kwamba tulikosana na tukasameheana, na kwamba mimi ndiye niliyetangulia. Mahali hapo palinigusa mwenyewe. Machozi yalinitoka, shemeji akayaona, akanishika mkono.

Nesi akatoka.

"Nnyabo, mama, nyamaza. Amepata nguvu. Anaomba chai."

Shemeji aliinuka akapiga yowe la furaha. Mimi nilibaki nimekaa. Nataka kuandika nilichohisi bila kukipunguza: nilihisi kama fundi aliyeambiwa bango halihitajiki tena. Kazi ilikuwa karibu kwisha. Ilikuwa imenyooka.

Hisia hiyo haikudumu, lakini ilikuwepo, na niliitazama. Kisha nikaviona vile viatu ambavyo shemeji alikuwa ameviacha kwenye ubao, na tope lake lilikuwa la kichochoro chetu. Nikakumbuka swali la mlinzi. Hasira yangu imeliza mama gani? Sasa nilikuwa na jibu, isipokuwa hakuwa mama yake, alikuwa mkewe, na alikuwa amenishika mkono. Nadhani mlinzi alikuwa na haki ya kukataa, na bado nadhani hivyo. Mtu wake amekufa, wangu anakunywa chai. Lakini tofauti kati yetu haikutokana na kitu chochote kilichokuwa ndani yangu. Mimi nilikuwa nimekwisha kumzika.

Mwalimu alisimulia Bukoto jinsi nilivyombeba ndugu yangu mgongoni. Waliniimbia. Shemeji alinipikia chapati za kutosha kichochoro kizima. Nilikula chache tu. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya meza ya Bwana.

Nilimkuta ameketi mlangoni kwake na bakuli la uji, amevaa sweta mchana kweupe.

"Karibu, mwokozi wangu. Ruka."

"Kaka, nina neno."

"Sema. Sina pa kukimbilia."

"Siku ile ulipokuwa mgongoni kwangu, nilikuwa natunga hotuba ya mazishi."

"Ya nani?"

"Yako."

Alirudisha kijiko kwenye bakuli. Ndani, mlio wa vyombo ulikoma.

"Nikiwa mgongoni."

"Na kule kliniki pia. Nesi aliposema una nafuu, niliona kama umeniharibia. Na karai nilikuwa nalo, kaka. Siku ya maji. Lilikuwa nyuma ya mlango."

Aliweka bakuli chini. Kisha akasema, "Nisomee."

"Kaka, tafadhali."

"Umeitunga, nisomee. Nani mwingine atapata bahati hii?"

Ilikuwa yote kichwani. Niliisema nikitazama matofali. Aliisikiliza kama anavyosikiliza bei ya mnunuzi, jicho moja limefumba.

"'Mlango wake haukuwahi kufungwa kwa jirani,'" nikasema.

"Hapo umedanganya. Kizingiti si hicho hapo? Endelea."

"'Sauti yake iliwaongoza wengi.'"

"Hiyo iache." Kisha akajikunyata ndani ya sweta. "Lakini 'alikuwa' ni nyingi, mdogo wangu. Mtu anasikia baridi."

Shemeji akatokea akijifuta mikono.

"Toka kwangu," akaniambia, taratibu kabisa.

"Mwache," mumewe akasema.

"Nimwache? Nilimshukuru huyu! Nilimpikia chapati! Shemeji, toka."

Nikasimama. Nilikuwa nimeinua mguu mmoja juu ya kile kizingiti kilichopinda, jirani akasema nyuma yangu:

"Mimi sikukutungia kitu. Mimi si msomi. Siku uliponianika kule Bukoto, nilitaka tu ngazi yako ya mabango iteleze."

Niligeuka, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nikiwa juu?"

"Katikati. Juu ningekuonea huruma."

Hakucheka, wala mimi. Shemeji alitutazama wote wawili kwa zamu kama mtu aliyeolewa kwenye nyumba ya wezi.

Jumapili nilibaki benchini. Nilikuwa nimemwendea ndugu yangu, lakini sikuwa nimepatana na shemeji, na kwa mara ya kwanza sikutafuta maneno ya kujipitisha. Mumewe alikwenda mezani akitembea polepole. Shemeji hakwenda. Tulibaki mimi na yeye kwenye benchi lile lile, tumeacha nafasi ya mtu mmoja katikati, na watu wote walituona kama nilivyoogopa siku zote. Haikuniua.

Kesho yake nilichukua nyundo nikaanza kubomoa safu za juu za kizingiti changu. Saruji niliyochanganya ilikuwa nzuri mno, ikagoma. Matofali yalitoka vipande vipande. Jirani alisimama mlangoni kwake na kikombe.

"Upande huu umekaa juu," akasema.

"Nimeona."

"Huleti pima maji?"

"Hapana."

Nilikiacha hivyo, meno meno, na kila nikipita vidole viliniwasha kukinyoosha. Yeye hakugusa chake. Sikumwomba, na sitadai kwamba sikungoja. Nilingoja kila siku. Mama mwenye nyumba alipita akanyanyua nguo kidogo tu upande wangu, akasema alhamdulillahi, halafu akaangalia ng'ambo akasonya.

Shemeji alikaa majuma kadhaa bila kunijibu salamu. Kisha asubuhi moja akanijibu, fupi, akiendelea kufagia.

Mvua nyingine kubwa ilinyesha mchana wa siku ya kazi, nikiwa nyumbani kwa sababu rangi haikauki kwenye unyevu. Maji yalijaa kichochoro, yakafika kwenye meno ya matofali yangu, yakaingia. Yaliingia kwangu tu. Niliokota godoro, nikaokota makopo ya rangi, bango la kinyozi nililokuwa nimelimaliza likaelea na kugonga mguu wa kitanda. Ng'ambo, nyuma ya kile kizingiti kibovu, palikuwa pakavu. Na hasira ikaja. Ilikuja kwa wakati wake kama maji, na ilikuwa ile ile, sikuona dalili kwamba imepungua hata kidogo. Neno la kwanza la hotuba lilikuwa limeshafika mdomoni.

Nikafungua mlango, maji yakiwa magotini.

"Kaka!"

Dirisha lake likafunguka. "Nini?"

"Nimekasirika."

"Unanikasirikia mimi?"

"Wewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kaka. Sana."

Alitazama chumba changu, akatazama kizingiti chake, akatazama mvua.

"Haya," akasema. "Ngoja nivae buti. Na ulete hilo karai."